Sauti Nazo Zahitaji Usanifu

Wahenga wetu walinena kwamba sikio halilali njaa. Walikusudia kusema kwamba binadamu hakosi habari ya kumfikia, hata akijifungia ndani ya nyumba yake. Lakini sisi tunaofundisha Kiswahili katika shule za Kampala twayajua masikio yanayolala njaa kila siku, na njaa hiyo haitokani na uhaba wa chakula. Chakula kipo tele. Hadithi zimesomwa na kurekodiwa, mazungumzo yameandaliwa, matamshi yamepangwa somo kwa somo. Kinachokosekana ni ufunguo wa ghala. Mwalimu hupokea flashi au kadi ya kumbukumbu iliyojaa masomo ya kusikiliza, akaichomeka katika redio ndogo ya darasa, na redio ikanyamaza. Au ikayaruka mafaili yote mpaka mwisho, kana kwamba hayamo. Mafaili yamo. Redio haiyajui, basi.

Makala haya yanashikilia jambo moja tu. Twadai kwamba masomo yote ya sauti ya Kiswahili yatolewe katika umbizo moja linalofahamika na vyombo vidogo vya bei nafuu, nalo ni lile liitwalo MP3. Tena twadai kwamba uamuzi huu ni wa walimu wa lugha, wala si wa mafundi wa mitambo peke yao. Tutaeleza kwa nini shauri hili latuhusu, kisha tutazijibu hoja za wale wasiokubaliana nasi, na mwisho tutapendekeza masharti ambayo chama chetu kingeweza kuyapitisha.

Sikio la mwanafunzi wa Uganda

Mwenzetu wa Unguja au wa Tanga aweza kuliona shauri hili kuwa dogo. Mwanafunzi wake hukisikia Kiswahili sokoni, uwanjani, msikitini, kanisani na jikoni kwa mama yake. Redio ikikataa kusema, mtaa utasema. Kwetu sivyo. Mtoto wa Kampala hulala na kuamka katika Luganda, au Runyankole, au Acholi, au lugha nyingine ya wazazi wake. Aendapo shuleni hufundishwa kwa Kiingereza. Na Kiswahili hukutana nacho katika vipindi vichache vya juma. Mwalimu wake naye, mara nyingi, alijifunza lugha hii kwa kitabu, na aliyemfundisha alijifunza kwa kitabu vilevile. Katika hali kama hiyo, somo la sauti si pambo la kuchangamsha darasa. Ni mtu wa tatu aliyeingia darasani, na pengine ndiye pekee miongoni mwa waliomo ambaye Kiswahili ni lugha ya kwanza kwake.

Tena mambo yamekwisha kubadilika, na madai juu yetu yameongezeka. Katiba ya Uganda, iliporekebishwa mwaka 2005, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa madarasa ya chini ya sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikifanya kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza. Tarehe 5 Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mtaala huo unataka mwanafunzi awe na stadi, siyo maarifa ya kukariri tu, na stadi ya kwanza ya lugha yoyote ni kusikiliza. Lakini mwanafunzi atasikiliza nini, ikiwa sauti aliyoletewa haifunguki?

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana katika mikutano yetu. Kwa muda mrefu Kiswahili kilichosikika zaidi Uganda kilikuwa kile cha kambini na cha vizuizi vya barabarani. Serikali ya Idi Amin ilipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, watu wengi walikuwa wamekwisha kukijua kama lugha ya amri: simama, toa, lala chini. Hofu iliyopandwa na sauti hiyo haiondolewi na waraka wa Serikali, wala haiondolewi na mtihani. Sauti huondolewa na sauti. Yafaa mtoto amsikie bibi akitega kitendawili, mvuvi akieleza pepo na majira, watoto wenziwe wakibishana juu ya mchezo, mama akimbembeleza mwanawe. Sauti hizo haziko Kampala kwa wingi. Lazima ziletwe kutoka mbali. Na chombo kinachozileta siku hizi ni faili la sauti. Faili likikwama mlangoni, hubaki Kiswahili cha ubaoni, na nyuma yake kile cha amri.

Umbizo ni kitu gani

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajashughulika na mambo haya, hatuna budi kueleza kidogo. Sauti iliyorekodiwa kwa mitambo ya leo huwekwa kama mfululizo wa tarakimu. Tarakimu hizo zikiachwa zilivyo, kama zifanyavyo faili za WAV za kipimo cha diski ya muziki, huchukua nafasi kubwa: takriban megabaiti 10 kwa dakika moja. Kwa hiyo wataalamu walibuni njia za kuibana sauti, yaani kuacha kile ambacho sikio la binadamu halitambui na kuhifadhi kile linachokitambua. Kila njia ya kubana ina utaratibu wake wa kupanga tarakimu, na utaratibu huo ndio tunaouita umbizo. Chombo cha kuchezea hakina budi kuujua utaratibu uliotumika, ama sivyo hakitaweza kuisoma sauti, kama vile msomaji wa herufi za Kirumi asivyoweza kusoma utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, ingawa lugha ni ileile.

MP3 ilitokana na kazi ya wataalamu wengi, hasa wale wa Taasisi ya Fraunhofer huko Ujerumani, na kanuni zake zilichapishwa mwaka 1993. Baadaye yalikuja maumbizo mengine. AAC ilisanifiwa mwaka 1997, na ndiyo ipatikanayo ndani ya mafaili mengi ya M4A yanayotolewa na simu kubwa. WMA ilitolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 1999. Vorbis ilikamilika mwaka 2002, na Opus mwaka 2012. Opus ndiyo inayotumika katika ujumbe wa sauti wa WhatsApp. AMR ni ya simu: ilibuniwa kwa ajili ya kubeba mazungumzo, na simu nyingi ndogo huitumia zinaporekodi.

Sasa tutazame vyombo vilivyomo katika madarasa yetu. Si simu za bei kubwa. Ni redio ndogo na vipaza sauti vyenye tundu la flashi na mlango wa kadi, vinavyonunuliwa Kikuubo na katika vibanda vinavyolizunguka soko la Owino. Ni vicheza muziki vya mfukoni. Ni simu za vitufe ambazo mwalimu hutumia kwa mambo yake yote. Vyombo hivi karibu vyote husoma MP3. Vingi husoma na WAV, na baadhi husoma WMA. Ukivipa M4A, Opus au AMR, vingi hunyamaza. Matokeo yake ni kichekesho cha huzuni: sauti hurekodiwa kwa simu katika umbizo ambalo redio haijui, husafirishwa kwa WhatsApp katika umbizo jingine ambalo redio haijui, kisha hutolewa mbele ya wanafunzi ambao chombo chao pekee ni redio.

Wako wenzetu wanaodhani wamelimaliza shauri kwa kubadili jina la faili. Wanafuta herufi za mwisho za M4A, wanaandika MP3 mahali pake, kisha wanaishangaa redio inapoendelea kukaa kimya. Ng'ombe hawi mbuzi kwa kuitwa mbuzi. Jina ni la nje. Umbizo ni la ndani, na halibadiliki mpaka sauti ipitishwe katika programu ya kuigeuza.

Waliotutangulia walifanyaje

Shauri hili si geni kama linavyodhaniwa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, santuri zilizotokea huko zilirudi Afrika ya Mashariki na kuchezwa katika gramafoni za watu waliozinunua mahali mbalimbali. Hakuna aliyeambiwa kwamba santuri ile itasema Unguja lakini itanyamaza bara. Kampuni ya Philips ilipotoa kaseti mwaka 1963, iliviruhusu viwanda vingine kuitengeneza bila malipo, kwa sharti kwamba vifuate kipimo kilekile. Ndiyo maana kanda iliyorekodiwa Dar es Salaam iliweza kusikilizwa Mbarara, Goma na Maskati katika mashine za viwanda vyovyote. Kaseti haikuwa na sauti safi kupita vyombo vyote vya wakati wake. Ilishinda kwa sababu ilikubalika kila mahali.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa lugha yenyewe. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili kwa ajili ya Tanganyika, Unguja, Kenya na Uganda. Kazi yake ilikuwa kusanifu lugha ya vitabu na ya shule, na hasa tahajia. Kabla ya hapo kila mpiga chapa alikuwa na mwandiko wake, na neno moja lilivaa nguo mbili au tatu: huyu aliandika khabari, yule habari. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi, na wako waliochukizwa, wala hawakuchukizwa bure. Kimvita kilikuwa na utajiri wa mashairi ambao hakuna awezaye kuukana. Kiamu vilevile. Hata hivyo watoto wa nchi nne walihitaji kitabu kimoja watakachokisoma wote, na kwa ajili hiyo ilibidi njia moja ichaguliwe. Kamati hiyo ilihamishia makao yake Makerere, hapahapa Kampala, mwaka 1952, ikakaa kwa takriban miaka kumi kabla ya kuhamia Mombasa na baadaye Dar es Salaam.

Basi sisi walimu wa Kampala tuna haki ya kuuliza. Ikiwa waliotutangulia waliona ni lazima kusanifu mwandiko ili kitabu cha pwani kisomeke bara, kwa nini sisi tuone ni upuuzi kusanifu umbizo ili sauti ya pwani isikike bara? Kiswahili Sanifu kilichosanifiwa kwa jicho tu, sikio likaachwa lijitafutie, ni usanifu nusu.

Hoja za wasiokubaliana nasi

Hoja ya kwanza tunayoambiwa ni fupi: nunueni simu kubwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, na sababu zake twazijua. Simu ya mwalimu mmoja haiwezi kusikika katika darasa lenye wanafunzi wengi, na ni mali yake, si ya shule. Siku anapoitwa pengine, somo huondoka naye. Wengine husema masomo yawekwe katika intaneti na yasikilizwe hukohuko. Hao wamesahau gharama. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye WhatsApp na mitandao kama hiyo. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya bei ya data. Faili lililomo katika kadi halitozwi kodi kila linapofunguliwa, wala halisubiri mtandao urudi. Shule zilipofungwa hapa kwetu tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, ndipo tulipoona wazi kwamba somo linalomfikia mtoto wa mkulima ni lile linaloweza kukaa katika chombo kidogo alicho nacho nyumbani.

Hoja ya pili ni ya wajuzi. Wanasema MP3 imezeeka, na kwamba Opus na AAC hutoa sauti bora zaidi kwa nafasi ndogo zaidi. Hayo ni kweli, na hatuyapingi. Lakini kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ubora wa sauti hupimwa sikioni mwa msikilizaji, na sauti isiyofunguka haina ubora wowote. Tena nafasi si tatizo la kweli. Hotuba au hadithi iliyobanwa kwa MP3 katika mkondo mmoja, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, huchukua megabaiti 14 na kidogo kwa nusu saa. Kadi ya gigabaiti 8 huweza kubeba zaidi ya masomo 500 ya namna hiyo. Ni mtaala upi unaohitaji zaidi? Na uzee wenyewe umekuwa faida: mnamo Aprili 2017 mpango wa kutoza ada kwa hataza za MP3 ulikomeshwa, na tangu hapo mtu yeyote huweza kuitumia na kuitengenezea vyombo bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Tahajia yetu nayo ni ya zamani. Hakuna anayedai ibadilishwe kwa kuwa imezeeka.

Hapa yatupasa kuongeza jambo ambalo walimu wa matamshi watalielewa upesi. Kama MP3 inasemwa vibaya na wajuzi, AMR ya simu inastahili kusemwa zaidi, na haisemwi. Umbizo hilo huchukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde, na kwa hiyo haliwezi kubeba mitetemo inayozidi 4,000 kwa sekunde. Sauti ya s hubeba sehemu kubwa ya nguvu yake juu ya hapo. Mwanafunzi wetu asemaye Luganda hana th wala dh katika lugha ya mama yake. Tunamtaka atofautishe thamani na samani, dhana na zana. Kisha tunamletea sauti ambayo tofauti hiyo imekatwa kabla haijamfikia, na anapokosea tunamwandikia alama ya kosa! Katika Luganda r hufuata irabu i na e, na kwingineko huja l. Ndiyo maana kura huwa kula, na karamu huwa kalamu. Makosa kama hayo hurekebishwa kwa kusikia mara kwa mara sauti iliyo wazi, ya msemaji wa kweli, na hayarekebishwi kwa kanuni iliyoandikwa ubaoni. Kwa hiyo uchaguzi wa umbizo unagusa fonetiki moja kwa moja. Anayesema ni kazi ya fundi hajafundisha darasa la kwanza la matamshi.

Hoja ya tatu ni ya wauzaji. Wanasema faili lisilo na kufuli litaibiwa, na mwandishi atakosa haki yake. Nasi twaiheshimu haki ya mwandishi. Wengi wetu ni waandishi. Lakini tutazame kufuli hizo zimefanya nini duniani. Kampuni ya Apple ilipofungua duka lake la muziki mwaka 2003, nyimbo zake zilifungwa kwa kufuli ambayo, miongoni mwa vicheza muziki vya mfukoni, iPod ndiyo iliyoruhusiwa kuifungua. Ilipofika mwaka 2009 kampuni hiyo yenyewe iliziondoa kufuli hizo katika muziki. Microsoft nayo ilianzisha mwaka 2004 alama ya kuthibitisha kwamba nyimbo zilizofungwa kwa kufuli yake zitacheza katika vyombo vya viwanda mbalimbali. Mwaka 2006 ikatoa kicheza muziki chake yenyewe, Zune, ambacho hakikuzicheza nyimbo hizo. Mwaka 2008 ikawatangazia waliokuwa wamenunua nyimbo katika duka lake la MSN Music kwamba baada ya tarehe 31 Agosti hawatapewa tena funguo za kuzihamishia katika kompyuta mpya. Makelele yalipozidi, muda uliongezwa mpaka mwisho wa mwaka 2011. Watu walikuwa wamelipa, na walichokinunua kilikuwa kinakufa pamoja na chombo.

Kama hayo yalitokea kwa nyimbo za mataifa tajiri, masomo yetu yatasalimika vipi? Tumewahi kuletewa na ofisi moja, ambayo haina haja ya kutajwa, masomo ya kusikiliza yaliyokubali kufunguka katika kompyuta moja tu. Kompyuta hiyo ilipoharibika, masomo yalikufa nayo. Je, nani aliyelindwa? Mwandishi hakuongezewa senti moja, na mwanafunzi alipoteza vyote. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006. Mwizi na ashitakiwe kwa sheria hiyo. Kumfungia mlango mwanafunzi aliyelipa ili kumzuia mwizi ni kuchoma shamba kwa sababu ya ngedere.

Hoja ya nne hatuiiti hoja, bali uzito wa mwili: kwamba kila shule ijitafutie njia yake. Ndivyo tunavyofanya hivi sasa. Mwalimu wa Wandegeya hulipa kibandani ili mafaili yake yageuzwe. Mwalimu wa Entebbe hulipa kwa ajili ya mafaili yaleyale. Na wa Jinja vilevile. Tena kila mara sauti iliyokwisha kubanwa inapobanwa upya katika umbizo jingine, hupungua. Ni kama kutoa nakala ya nakala mpaka herufi zifutike. Kazi ambayo ingefanywa mara moja na mtayarishaji, tena kutoka katika sauti ya asili, hufanywa mara mia na wasio na sauti ya asili. Umoja ni nguvu, lakini katika jambo hili tumechagua udhaifu kwa hiari yetu.

Tupatane juu ya nini

Twapendekeza basi kwamba chama chetu, katika mkutano wake ujao, kipitishe masharti yafuatayo kwa kila anayetutayarishia masomo ya sauti, awe ni chuo, mchapishaji, ofisi au mwalimu mmojammoja.

Kwanza, kila somo litolewe katika MP3 isiyo na kufuli, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde, mkondo mmoja, na kiwango kisichobadilikabadilika kisichopungua kilobiti 64. Atakayependa kutoa na umbizo jingine juu ya hilo hatumzuii. Lakini MP3 isikosekane.

Pili, mtayarishaji ahifadhi sauti ya asili isiyopotezwa kitu, katika WAV au FLAC, mahali pawili tofauti. MP3 ni nguo ya safari. Mwili wenyewe ubaki nyumbani. Siku MP3 itakapoachwa na vyombo vyote, kama gramafoni ilivyoachwa, tutarudi kwenye asili hiyo na kuivika nguo mpya. Usanifu si kifungo cha milele. Tahajia ilisanifiwa na watu, na watu huweza kuirekebisha kwa mapatano.

Tatu, kurekodi kwenyewe kusifanywe kwa AMR. Simu kubwa zinazorekodi kwa M4A zafaa, mradi faili ligeuzwe kabla ya kugawiwa. Programu za bure kama Audacity na VLC huifanya kazi hiyo, na mwalimu hujifunza kuzitumia kwa alasiri moja. Faili linapotumwa kwa WhatsApp, litumwe kama hati, lisirekodiwe humo kama ujumbe wa sauti.

Nne, kadi na flashi zitayarishwe kwa mpango wa FAT32, kwa kuwa kadi zenye nafasi kupita gigabaiti 32 huja na mpango mwingine ambao redio nyingi ndogo haziutambui. Majina ya mafaili yawe mafupi, yaanze na namba, 01, 02, 03, na yanakiliwe kwa utaratibu huohuo, maana vyombo vingi vidogo hucheza kwa mfuatano wa kunakiliwa. Mwalimu asilazimike kutafuta somo la tano katikati ya somo la kumi na tisa huku darasa likingoja.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, somo lolote la sauti lisipokelewe wala kusifiwa katika kurasa zetu kabla halijajaribiwa katika redio ya bei nafuu, ile ambayo shule maskini kuliko zote ingeweza kuinunua. Kitabu hatukipitishi mpaka tumehakikisha kwamba herufi zinasomeka. Sauti tuipitishe kwa kipimo hichohicho.

Ndugu walimu, hayo tunayoyadai hayahitaji fedha nyingi, wala mfadhili, wala safari ya ng'ambo. Yanahitaji mapatano, na kuyashika. Nchi yetu imezungumza juu ya Kiswahili tangu siku za wakoloni. Ikakikataa, ikakipokea, ikakiogopa, na sasa imekiamuru. Amri hiyo itabaki karatasini mpaka mtoto wa Bwaise, wa Gulu na wa Kabale amsikie Mswahili akisema naye kwa upole, kwa uwazi, na kwa sauti isiyokatwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ni mdogo, na chokaa tunayo mkononi. Tuuzibe mwaka huu, kabla hakijapita kizazi kingine cha wanafunzi wanaokijua Kiswahili kwa macho tu.